Pampu ndogo ya dizeli ya lori: usidanganyike na presha, pima ujazo

Dereva wangu alinipigia saa tisa usiku akiwa mlima Kitonga, saruji imejaa bodi nzima. "Mama, gari haina pumzi. Tambarare ilikuwa inakimbia vizuri tu." Pampu ndogo, ile inayokaa ubavuni mwa pampu kubwa (inayopeleka dizeli kwenye nozeli) na kuivutia dizeli kutoka tangini, nilikuwa nimeibadilisha siku nne nyuma.

Na presha tulikuwa tumeipima! Kwenye injini zenye pampu za namna hii presha ya kulisha pampu kubwa huwa kati ya bar 1 na 2.5, na gari likiwa limesimama linanguruma, hata pampu dhaifu inaifikisha. Mlimani injini inameza dizeli nyingi, hapo kinachotakiwa ni ujazo. Tulipoifungua tulikuta vivavu vyake viwili, cha kuvuta na cha kutoa, ni vya plastiki, na kimoja kimepinda ukingo mpaka ukucha unapita. Pistoni ikisukuma, sehemu ya dizeli inarudi ilikotoka.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni pampu mpya ya kampuni ya Bosch, au ya Zexel kama pampu yako kubwa ni Zexel, kama ilivyo kwenye Fuso nyingi. Ni ghali, lakini vavu zake zinakaa sawasawa. Namba mbili ni ya mtumba kutoka Japani, ila ifunguliwe mbele yako, iwekwe vavu, springi na sili mpya. Namba tatu ni kukarabati ile uliyonayo, kama pistoni haijalika. Zile za bei ya chee zisizo na jina, hapana.

Kabla hujalipa, chungulia filta, na ile vavu iliyo kwenye pampu kubwa inayorudisha mafuta tangini. Springi yake ikilegea, hata Bosch haitapandisha presha. Pampu ikishafungwa, elekeza mpira wa kutolea kwenye chupa ya lita moja na nusu, piga stata, uhesabu sekunde. Dizeli itoke kwa mapigo yaliyoshiba, bila povu.

Kinachoniumiza ni wauzaji. Boksi likifunguliwa tu, "spea hairudi". Ukienda na fundi, bei inapanda kwa sababu ya cha juu chake. Ukienda peke yako, wanakupa kopi kwa bei ya halisi kwa vile ni mwanamke. Siku hizi nadai risiti iandikwe jina la pampu na namba iliyogongwa kwenye bati lake. Duka moja walikataa, nikarudisha hela yangu kwenye pochi nikatoka.