Kuunda kompyuta kwa bajeti ndogo: niambie kwanza pawasaplai yako ni ipi

Orodha za vifaa mnazonitumia zina tabia moja. Prosesa, ubongo wa kompyuta, imeandikwa jina lake lote mpaka tarakimu ya mwisho: Ryzen 5 5600. Kadi ya grafiki imetajwa kampuni yake na idadi ya feni zake. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ina kasi yake, SSD (diski ya kuhifadhi) ina kasi yake ya kusoma na ya kuandika, kasha lina maelezo ya rangi za taa. Halafu chini kabisa, kama kitu kilichokumbukwa wakati wa kulipa: "pawasaplai, wati 600." Basi. Kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kulisha kompyuta nzima, hakina jina wala kampuni.

Na malalamiko yanayofuata ni yaleyale. Kompyuta mpya, ukifungua barua au video iko sawa, ila gemu likianza tu, pu! Imezima. Inajiwasha tena, inazima tena. Wengine wameshafuta Windows na kuiweka upya. Wengine wamenunua RAM nyingine. Wapo waliouza kadi nzima kwa hasara wakidhani ni mbovu, na aliyeinunua anaitumia mpaka leo bila shida yoyote.

Kwa hiyo leo sibishani na mtu kuhusu AMD na Intel, watengenezaji wa prosesa. Vifaa vingine tuvimalize upesi, maana kwa bajeti ndogo machaguo yenyewe si mengi.

Prosesa: Ryzen 5 5600 ya AMD, kori sita, nyuzi 12. Kama hununui kadi ya grafiki, chukua 5600G, kwa sababu 5600 tupu haitoi picha kabisa. Kwa upande wa Intel, Core i3-12100 inabeba kazi za nyumbani vizuri, ila soma hiyo herufi ya mwisho: 12100F nayo haina picha ndani yake. Bila kadi utabaki unaangalia skrini nyeusi huku ukimlaumu aliyekuuzia waya wa HDMI.

Mazabodi, bodi kuu inayobeba vifaa vyote: B550 ikipatikana. B450 nayo ni sawa, lakini hakikisha BIOS yake (programu ndogo inayoiwasha) imeshasasishwa kabla ya kuiwekea Ryzen ya mfululizo wa 5000, la sivyo haitawaka. SSD: NVMe (aina ya kasi) ya kampuni inayojulikana, hata kama ni GB 500. Kadi: RX 6600 ndiyo ninayoipendekeza kwa wenye fedha kidogo. RX 6500 XT iache. Ina GB 4 na inatumia njia nne tu za PCIe, muunganisho wa kadi na mazabodi, na ukiichomeka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 kama hiyo B450, unaona kabisa inavyohema.

RAM: vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Kijiti kimoja kinakata nusu ya upana wa njia ya data, na mwenye 5600G ataumia zaidi kwa sababu picha zake zinakula kutoka kwenye hiyo hiyo RAM. Mazabodi yenye nafasi nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Bei ya RAM sina la kukutuliza. Tangu mwishoni mwa 2025 imepaa, viwanda vya chipu vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili bandia, na Desemba 2025 Micron, mtengenezaji wa chipu za kumbukumbu, ikatangaza kuachana na Crucial, chapa iliyokuwa inatuuzia sisi watu wa kawaida. Hilo naelewa. Nisichoelewa ni muuzaji mwenye shehena ya zamani, aliyoinunua kabla bei haijapanda, kuamka asubuhi na kubandika bei mpya juu ya boksi lenye vumbi, kisha akakuambia "soko la dunia".

Haya. Sasa tuje kwenye kile kisanduku kizito, pawasaplai. Au kinachotakiwa kuwa kizito.

Kigeuze usome jedwali lililobandikwa ubavuni. Achana na namba kubwa ya mbele. Jedwali lina mistari ya volti: +3.3V, +5V, +12V, na midogo miwili hivi. Chini ya kila volti kuna ampea. Wewe unatafuta +12V tu. Zidisha volti kwa ampea, upate wati.

Nikupe mfano wa stika ya aina ninayoiona kila mara kwenye picha mnazotuma. Mbele: 600W, herufi nene. Ubavuni: +3.3V ampea 22, +5V ampea 25, +12V ampea 20. Kumi na mbili mara 20 ni wati 240. Mia mbili na arobaini! Jumlisha mistari yote, hata ile midogo, hufiki 500. Hiyo 600 imetoka wapi? Mara nyingi ni jina la modeli tu. Wameiita "600", kama mtu anavyoweza kumwita mwanawe Tajiri.

Kwa nini nang'ang'ania +12V? Kwa sababu kompyuta ya leo inakula huko. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa wawili, wote wanalishwa na volti 12. Ampea nyingi kwenye +5V ni urithi wa kompyuta za zamani, enzi ambazo prosesa zilichukua umeme wake kwenye mstari huo. Ukiona jedwali lenye +5V iliyonona na +12V iliyokonda, umeshika muundo wa kale ndani ya bati jipya.

Sasa piga hesabu ya ile orodha ya mwanzo. Ryzen 5 5600 inaruhusiwa kuvuta hadi wati 76 kwenye soketi yake. RX 6600 ni wati 132. Mazabodi, RAM, SSD na feni, weka 50. Jumla iko karibu na 260, na hapo sijahesabu zile sekunde ndogo sana ambapo kadi inaruka juu ya kiwango chake kisha inashuka. Pawasaplai ina 240. Ukiwa kwenye video kadi imelala, kwa hiyo huoni tatizo. Gemu linaiamsha, hesabu inagoma, kompyuta inazima. Windows haina kosa.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha kwamba huhitaji wati 750. Watu wanakimbilia namba kubwa. Wati 550 za kweli zinaibeba mashine hii na nafasi inabaki, tena ya kuongeza kadi kubwa kidogo baadaye. Afadhali 550 yenye jina kuliko 750 ya kubahatisha.

"Lakini ina stika ya 80 PLUS." Sawa. Mpango huo ulianza 2004 na unapima jambo moja: ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Kwenye kipimo cha volti 115, daraja la Bronze linatakiwa kufika asilimia 85 likiwa na nusu ya mzigo, la Gold asilimia 90. Haipimi kama itajizima salama ikizidiwa, wala haipimi utulivu wa umeme unaotoka. Kumbukeni Gigabyte P750GM. Ilikuwa na Gold halali, na bado ilikuwa ikilipuka mikononi mwa wapimaji. Agosti 2021 Gigabyte wenyewe walitangaza kushusha kiwango cha kinga ya kuzidiwa, kutoka asilimia 120 hadi 150 ya uwezo wake mpaka asilimia 110 hadi 120, na wakakubali kuwabadilishia wateja. Hapo tunazungumzia kampuni kubwa. Hizo zisizo na jina, stika yenyewe mara nyingine imechapishwa mtaani. Orodha ya modeli zilizopimwa kweli iko wazi kwenye tovuti ya 80 PLUS. Tafuta modeli yako. Isipokuwepo, hiyo stika ni pambo.

Dalili nyingine ya haraka ni swichi nyekundu nyuma, ya kuchagua 115 au 230. Pawasaplai ya kisasa yenye kirekebishi hai cha nguvu (Active PFC) inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 bila wewe kugusa kitu. Swichi inakuambia muundo ni wa zamani. Na mtoto akiichezea ikakaa kwenye 115 wakati ukutani kuna 230, mtasikia wote nyumbani.

Kuna jambo ambalo sijawahi kuona muuzaji akilitaja, nalo linawahusu wenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika, pawasaplai inatakiwa ishikilie kompyuta kwa muda mfupi kutokana na chaji iliyobaki kwenye kapasita yake kubwa. Kiwango cha ATX, kanuni ya pamoja ya pawasaplai za kompyuta, kwa miaka mingi kilikuwa karibu milisekunde 16. UPS za kawaida za nyumbani nazo zinahitaji milisekunde kadhaa kuhamia kwenye betri. Pawasaplai iliyowekewa kapasita ndogo ili kubana gharama haifiki hapo. UPS inalia, taa yake inawaka, kompyuta imeshazima. Halafu mtu anarudisha UPS dukani.

Sasa chaguo zangu, kwa mpangilio.

Ya kwanza ni Seasonic Focus GX, ya wati 550 au 650. Ndiyo, nina upendeleo na sioni haya. Seasonic ni kampuni ya Taiwan iliyopo tangu 1975, Focus inaitengeneza yenyewe, na chapa nyingine maarufu zimewahi kuiagizia kazi na kubandika majina yao. Ile ya 550 inatoa ampea 45 kwenye +12V, yaani wati 540. Linganisha na ile stika yetu. Waranti miaka 10. Kebo zote zinachomoka, na urefu wake ni milimita 140, hivyo inaingia hata kwenye kasha dogo bila kugombana na kadi. Mtanikumbusha kwamba toleo lililotangulia, Focus Plus, lilikuwa na ugomvi na baadhi ya kadi za Vega za AMD. Kweli, na kampuni ilikiri mwaka 2018. Nimewasamehe.

Ya pili, Corsair RMx. Nayo ina waranti ya miaka 10, feni haisikiki kwa kazi ndogo. Wapo wanaoiweka mbele ya Focus, nami sina ugomvi nao isipokuwa kwenye bei, maana jina la Corsair unalilipia.

Ya tatu, ukipata be quiet! ya mfululizo wa Pure Power, chukua. Wapenda kimya watafurahi.

Ya nne, na hapa ndipo wengi wenu mtaishia, ni Corsair CX ya wati 550 yenye Bronze. Waranti miaka 5. Haina urembo, inafanya kazi. Cooler Master MWE Bronze V2 iko nyuma yake kidogo, waranti yake pia miaka 5. Duka likiwa na hiyo tu, usirudi nyumbani mikono mitupu.

Chini ya hapo? Zile za bei ya chini kabisa zisizo na jina, hapana. Kama fedha haitoshi, punguza kwenye kasha au anza na 5600G bila kadi.

Kinachoniudhi ni kwamba anayelipia ujinga huu ni mnunuzi peke yake. Kasha linauzwa "na pawasaplai ya bure ndani", na ya bure ndiyo hiyo ya wati 240. Ukiomba kuona stika ya ubavuni, unaambiwa boksi halifunguliwi kabla ya kulipa. Ukishalipa, waranti ni wiki moja. Ikipiga shoti siku ya nane, kosa ni la umeme wako. Mimi msimamo wangu ni mmoja: asiyeruhusu nisome jedwali, namuachia boksi lake. Picha ya stika inaweza kutumwa kwa simu kabla hujatoka nyumbani, muuzaji anayejua anachouza hawezi kukataa.

Ya mitumba inawezekana, kama ni ya jina na bado iko ndani ya miaka ya waranti. Usiifungue kuchungulia ndani. Ile kapasita kubwa inaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya.

Na kwa wanaobadilisha pawasaplai kwenye kompyuta iliyoshaundwa: toeni na kebo zake zote za zamani, hata kama zimefungwa vizuri nyuma ya mazabodi na zinaonekana ni zilezile. Upande wa pawasaplai mpangilio wa pini hauna kiwango cha pamoja. Unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, na mara nyingine kati ya mifululizo ya kampuni moja. Plagi inaingia bila kulazimishwa, volti 12 inapita kwenye njia ya volti 5, na SSD yenye kazi zako zote inaungua kabla hujaona nembo ya Windows.