Nilikotengenezea Peugeot 404 ya rally, gereji ya Chang'ombe: kazi safi ila uwe na subira

Wadau wa magari ya zamani, mmeniuliza sana ile 404 ya bluu nimeitengenezea wapi, haya leo naandika yote. Ni gereji ya mzee mmoja Chang'ombe, haina hata bango, jina na namba ntakupa inbox maana mzee mwenyewe hapendi kutangazwa. Nampa nne na nusu kwa tano.

Kwanza muelewe gari lenyewe ndo mtajua kwanini nimekuwa mkali kwenye kuchagua fundi. Peugeot 404 ilitoka 1960 na kwenye Safari Rally ilitesa vibaya mno. 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7 tu, mshindi Nick Nowicki na 404. 1966 na 1967 akachukua Bert Shankland aliyekuwa anaishi hapahapa Dar, pembeni yake Chris Rothwell anamsomea njia, nao 404. 1968 mvua ikapiga, yakaondoka 93 yakamaliza 7 tena, na aliyeshinda ni Nowicki yuleyule na 404! Na miaka ile Safari ilikuwa ya Afrika Mashariki kweli, siyo ya Kenya peke yake, kwahiyo historia hii ni yetu pia na inaniuma sana nikiona magari haya yanakatwa kuuzwa chuma chakavu.

Ya kwangu haijawahi kushinda Safari, ilikuwa ya mtu aliyekimbiza rally za ndani alafu akamuuzia mjomba, ikaja kukaa chini ya mwembe miaka na miaka. Ila alama zote zipo, kwenye dashibodi upande wa abiria kuna matundu ya vifaa vya navigeta, yaani yule anayemsomea dereva njia, juu ya shokapu za mbele kumechomelewa pleti za kuongeza nguvu, chini kuna vishikizo vya ile bamba ya kukinga sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Gereji nyingine zote nilizopita waliniambia hayo "makovu" watayaziba, wapige puti (ile lami ya kujazia mabonde ya bodi), rangi ya kung'aa, rimu za kisasa, itoke kama gari ya bwana harusi. Mzee wa Chang'ombe alizunguka gari kimya, akaingiza kidole kwenye tundu moja la dashibodi akasema, "Mwanangu, hili ukiliziba leo, kesho hii ni teksi tu." Nikamwachia funguo palepale.

Sasa kazi yenyewe. Injini ya 404 ni silinda nne, sisi 1618, imelala upande, na slivu zake, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomoka, yaani unabadilisha slivu na pistoni bila kupeleka bloku kuchongwa. Wengi wanazipachika tu wanafunika hedi, alafu mwezi haujaisha maji yameingia kwenye oili wanasingizia gasket mbovu. Huyu mzee kila slivu anaisukuma chini, anapima imejitokeza kiasi gani juu ya bloku, ikizidi au ikipungua anaitoa anabadilisha gasket ya chini anapima upya, slivu ya tatu ilimsumbua nusu siku na hakuiacha mpaka zote zikalingana. Hapo ndo nilijua niko mikono salama.

Difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu, ndo iliniacha hoi. 404 haina krauni na pinioni kama tulivozoea, ina skrubu ya chuma inazungusha gurudumu la meno la shaba, na oili za kisasa zenye kemikali za kuhimili mgandamizo zinaweza kuila ile shaba. Zamani ilikuwa inawekwa oili iliyotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, na mzee alikataa katakata kuweka ya dukani mpaka tuliyotafuta ikapatikana, gari imekaa juu ya mawe inasubiri oili tu. Nilichukia wakati ule, saivi nikisikia ilivyo kimya kwenye lami ya Bagamoyo namshukuru.

Bodi wamekata kutu sakafuni na chini ya milango wakachomelea bati jipya, hakuna kuficha na puti, na mzee alinipigia picha kila hatua kabla ya kufunika. Rangi wametafuta ile ile ya mwanzo kwa kukwangua nyuma ya bawaba ya mlango ambako jua halijafika.

Nusu nyota nimekata kwa sababu ya muda na mawasiliano. Ukiambiwa mwezi wa sita hesabu wa kumi na mbili, na simu hapokei akiwa chini ya gari, itabidi uende mwenyewe. Umeme wa gari pia siyo fani yao, waya walizofunga zinafanya kazi ila zimefungwa ovyo nyuma ya dashibodi, hiyo nikampelekea fundi umeme mwingine. Bei siyo ya kitonga, bodi peke yake milioni tisa, injini inategemea spea unaleta wewe au anatafuta yeye. Spea bora ulete.

Anapokea gari mbili tatu tu kwa wakati mmoja na saivi kuna 504 na Datsun moja ndani, kwahiyo wahi kuomba nafasi. Nenda asubuhi, na kama una picha za zamani za gari yako beba, hata zile zilizofifia, ndo kitu cha kwanza atakachokuuliza.