Safari ya meli ya kitalii: ukate tiketi mapema au usubiri dakika za mwisho?

Kwa bei, anayesubiri anaweza kushinda. Malipo ya mwisho hudaiwa takriban siku 90 kabla ya safari. Wanaoghairi huachia vyumba, na kampuni hupunguza bei ili meli isiondoke na vitanda vitupu. Ila piga hesabu nzima: nauli ya ndege ya ghafla yaweza kumeza punguzo lote, na viza haisubiri mtu.

Kwa uhakika, aliyewahi yuko mbele sana. Anachagua chumba cha katikati ya meli, ambako mawimbi hayasumbui sana, na familia inapata vyumba vinavyopakana. Ofa za Januari hadi Machi humfaa yeye. Bei ikishuka kabla ya malipo ya mwisho, aombe irekebishwe. Kampuni nyingi hukubali.

Mstaafu anayeishi karibu na bandari, asubiri tu. Mwenye watoto wa shule, akate mapema. Wote wawili, tafadhali, wakisafiri kwa ndege wafike siku moja kabla. Meli haimngoji aliyecheleweshwa na ndege aliyojikatia mwenyewe.