Kabla Hujanunua Taa za Gari la Zamani, Tafuta Mshale Kwenye Kioo

Malori matatu mfululizo yalinipiga ful, zile taa kali za mbali, nikipanda kutoka Mai Mahiu usiku wa Jumapili, na la nne likaongeza honi. Nami nilikuwa kwenye dimu, taa za chini! Nikazima, nikawasha tena, nikachungulia kile kitaa cha buluu cha ful kwenye dashibodi. Hakikuwa kimewaka. Taa zenyewe zilikuwa na wiki moja tu kwenye Volkswagen Beetle yangu ya 1972, na aliyeniuzia pale Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, aliniapia kwamba nitaona mpaka kesho. Niliona, sikatai. Niliona matawi ya miti upande wa kulia na nyuso za madereva waliokuwa wakinitukana. Kushoto kwangu, ukingoni, ambako watu hutembea na mikokoteni hupita bila kitu chochote cha kung'aa, kulikuwa giza totoro.

Fundi wa kwanza alisema taa zimeinuka, akaziinamisha hadi nikawa namulika bampa yangu mwenyewe. Wa pili alisema ni balbu, akaniuzia nyingine. Wa tatu, mzee wa Ngara aliyezeeka na Volkswagen, hakugusa bisibisi. Alipangusa kioo kwa kitambaa, akainama, akauliza, "Mama, mshale uko wapi?"

Hakukuwa na mshale.

Taa ya dimu haimuliki sawasawa pande zote. Mwanga wake hukatwa kwa juu, kisha huinuka kidogo upande wa ukingo ili umwone mwenye miguu bila kumpofusha anayekuja. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo sharti uinuke kushoto. Ujerumani, Ufaransa, Marekani na China wanaendesha kulia, na taa za barabara zao huinuka kulia. Hilo limechongwa ndani ya kioo chenyewe. Ukiinamisha taa ya namna hiyo, unapunguza matusi tu. Yule mtu wa ukingoni bado humwoni.

Basi, kabla hujauliza bei, simama uso kwa uso na taa na utafute alama ya Ulaya, ile herufi E iliyozungushiwa duara. Kama kuna mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, hiyo ni taa ya kwetu. Mshale wa ncha mbili maana yake inaweza kutumika pande zote. Yenye E lakini bila mshale ni ya wanaoendesha kulia, irudishe rafuni hata ukipewa bure. Iliyoandikwa DOT ilitengenezewa soko la Marekani. Na muuzaji asikwambie kwamba E11 ni Uingereza na Uingereza wanaendesha kama sisi. Nambari hiyo ni ya nchi iliyoidhinisha taa, haisemi lolote kuhusu upande. Mshale ndio unaosema.

Sasa nipange ninachokipenda, na sijifichi.

Namba moja ni Hella, kampuni ya taa ya Kijerumani. Kama gari lako lina taa za duara za inchi 7, kama Beetle za 1968 na kuendelea, Land Rover za Series au Mini, nunua riflekta (kile kibakuli king'aacho nyuma ya balbu) na kioo cha Hella cha balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili, ya dimu na ya ful, chenye mshale wetu. Kuna atakayesema nimelipwa. Sijalipwa, ningependa. Nimeweka zangu, nikarudi Mai Mahiu makusudi usiku, na hakuna lori hata moja lililonipiga ful. Nilimwona mwenye baiskeli akiwa mbali, upande wa kushoto, mahali pale pale nilipokuwa naona giza. Weka balbu ya kawaida ya wati 60 za ful kwa 55 za dimu na uishie hapo. Yule muuzaji wangu alinibandika za wati 100, na Beetle yenye dainamo ya ampea 30 haina umeme wa kugawa ovyo. Ukikwama kwenye foleni ya Mombasa Road injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, dainamo haitoi kitu cha maana, na taa hunywa betri.

Namba mbili ni taa za Koito zilizotumika, zilizokuja na Land Cruiser za zamani kutoka Japani. Wajapani wanaendesha kushoto, kwa hiyo ziko sawa. Ila uliza zimepitia wapi, maana spea nyingi za Land Cruiser hutufikia kupitia Dubai, na Dubai wanaendesha kulia. "Ex-Japan" ya mdomoni isikutoshe. Chungulia pia riflekta ndani: ikiwa imefifia kama sufuria ya chai ya hotelini, achana nayo.

Namba tatu, zile za kioo kizima zisizofunguka. Balbu ikiungua unatupa taa yote. Kwa gari la kwenda kanisani mchana, sawa.

Na LED za bei rahisi? Hazili umeme mwingi, hilo nakubali. Lakini balbu ya LED ndani ya taa ya H4 haikai pale nyuzi za balbu zinapokaa, na mwanga unatawanyika kila upande. Sina zaidi.

Kisha kuna waya, na hapa ndipo pesa nyingi huenda bure. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, taa ziko pua ya gari, na katikati umeme unapita kwenye fyuzi zilizoshika kutu na swichi iliyochoka tangu enzi za Mzee Kenyatta. Balbu ya halojeni ikipata volti pungufu kwa asilimia 10, mwanga wake hushuka hadi karibu asilimia 70. Kwa hiyo nenda Luthuli Avenue ununue mita ya kupimia umeme kabla ya kununua taa yoyote. Washa taa, pima kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, tatizo lako ni waya. Usisahau upande wa arthi, pale umeme unaporudi kupitia bodi ya gari; nusu ya taa hafifu nilizoziona ni arthi iliyofungwa juu ya rangi.

Dawa ni rilei mbili, moja ya dimu na moja ya ful. Swichi ya zamani inabaki kuamuru tu, na mzigo wote unapita kwenye rilei. Nunua za Bosch au, ndiyo, za Hella. Waya wa kuleta umeme mbele uwe wa milimita 4 za mraba. Mita 4 za waya wa 1.5 hula karibu nusu volti taa za dimu zikiwaka. Wa 4 hauli hata robo. Fyuzi ikae karibu na betri, wala si mbele, na betri yenyewe ifunikwe: springi za kiti cha Beetle zikigusa temino, utauza majivu.

Zile seti za waya zilizofungwa tayari kwenye nailoni, chukua kisu ukwangue ncha moja. Ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa. Nilipomkwangulia muuzaji mmoja waya wake mbele ya wateja, aliniambia nimeharibu mali yake. Hakukana kwamba ni aluminiamu. Na fundi akikuletea waya mgumu wa kuwekea stima nyumbani, mwambie gari linatikisika na nyumba haitikisiki.

Kinachonichoma zaidi ni bei. Ukifika kaunta ukasema "taa ya inchi 7" unatajiwa bei moja. Ukisema "ya Beetle", macho yanang'aa na bei inaruka, kana kwamba kila mwenye gari la zamani anatoka Karen kwa matajiri akielekea Concours, shindano la magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse. Beetle yangu niliachiwa na mjomba, na ndiyo inayonipeleka kazini. Siku hizi natuma kijana na kipimo kwenye karatasi.

Zile taa zisizo na mshale nilijaribu kuzirudisha. Niliambiwa kitu kikishafungwa kwenye gari hakirudishwi, na kwamba tatizo ni mimi sijui kuendesha usiku. Ziko ndani ya boksi lake chini ya kitanda, nzima, hazina mkwaruzo. Kama una Beetle Kigali au Addis Ababa, ambako mnaendesha kulia, nakuuzia kwa bei niliyonunua. Huko zitamulika vizuri kabisa.