Chemchemi ya watoto, mwanangu kafukuzwa kama paka

Mie si mtu wa kuandika andika haya lakini hili limenikaba tangu sikukuu. Kuna bustani moja hapa Unguja wameweka chemchemi ya maji na masanamu ya watoto wanacheza, jina silitaji, waliokwenda wanaijua. Mmoja anasukuma ringi, wasichana wawili wameshikana mikono wanacheza ukuti, na juu kabisa mmoja kichwa chini miguu juu anajirusha, yaani makachu mtupu, wale vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, mpaka vidole vya miguu vilivyobanwa. Aliyeifanya ile kawatizama watoto wetu kwa mapenzi wallahi. Sanamu tuliyozoea kuwapeleka wageni ni ya Mkunazini, watumwa wamesimama shimoni na minyororo shingoni, ipo pale tangu 1998 na lazima iwepo, lakini kuona watoto wa sementi wanacheka machozi yalinilenga.

Basi siku yenyewe, sikukuu pili nadhani, nimemvisha mwanangu gauni lake jipya, ana miaka mitano, tumeshuka daladala jua kali, kufika maji hamna. Pampu imekufa, sijui umeme, kila mtu anasema lake. Chini kumebaki maji ya kijani yana viluwiluwi vya mbu, sisi tuliohangaika na malaria miaka yote hii tunafuga mbu katikati ya watoto! Hata hilo ningesamehe, chumvi ya bahari hapa inakula mpaka bawaba za milango sembuse pampu.

Mtoto kainama kagusa mkono wa msichana mmoja wa ukuti, kidole kimekatika nondo iko nje ina kutu, kaniambia mama, kaumia. Mara sauti nyuma yetu: "Wee! Toka hapo! Mama hebu mtoe mwanao, hapa si pa kuchezea!" Mlinzi, na fimbo mkononi. Nikamwambia kaka yangu leo sikukuu, na hii si ya watoto? Akanijibu ya kutizama hii, si ya kugusa, mkitaka kucheza nendeni Mnazi Mmoja. Mtoto kajificha ndani ya buibui langu, mwili wote unamtetemeka.

Ya kutizama! Mkamfinyanga mtoto anacheza na maji halafu mtoto mzima wa watu mnamtolea fimbo?

Nikaipa nyota moja mtandaoni nikaapa sirudi. Sasa juzi juzi baada ya Magharibi nimepita na gari ya shoga yangu, maji yanaruka, taa zimemmulika yule makachu anang'ara, mzuri haswa, nikasema labda hasira zilinizidi, na yule mlinzi naye kusimama juani kutwa wenzake wako majumbani wanakula pilau si kazi ndogo. Nikapandisha tatu palepale garini. Nikamwambia mwanangu haya twende ukaone maji. Kang'ang'ania kiti, kagoma kushuka.

"Yule baba yupo."

Nimerudisha moja.