Uchapishe wapi hadithi za wanafunzi wako?

Mwalimu mwenzangu, kabla hujalipia programu yoyote, piga hesabu ya bando. Tangu Julai 2021 data hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na shule nyingi mtandao wenyewe ni simu ya mwalimu. Ndiyo maana nimezipanga programu na tovuti nne za kuchapishia kwa gharama ya data kwanza, uzuri baadaye.

Ya kwanza, wala sisiti, ni African Storybook, tovuti ya vitabu vya hadithi za watoto. Ni ya bure, ilianzishwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, na Uganda ilikuwemo katika nchi za majaribio. Mtoto anatunga, anachagua picha zilizochorwa tayari, na programu ya kutungia kwenye simu hufanya kazi bila mtandao. Bando linahitajika siku ya kutuma. Leseni yake ni huria, kwa hiyo hadithi ya Lugbarati iliyoandikwa Arua inaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili na mwalimu wa Kitale bila kuomba ruhusa. Mtoto akijua kwamba kuna wenzake wa ng'ambo ya mpaka watakaomsoma, anarudia sentensi yake mara tatu bila kusukumwa. Hakuna daftari litakalomfanyia hivyo.

Ya pili, Book Creator, programu ya kutengenezea vitabu vya kidijitali. Mtoto hurekodi sauti yake ndani ya kitabu, na hilo huwaokoa wale ambao kalamu bado inawalemea. Ila mpango wa bure una maktaba moja tu ya kuhifadhia vitabu hivyo, na darasa la watoto 80 huijaza upesi. Wape kitabu kimoja kwa kundi. Lipia tu kama shule ina kompyuta au tableti zinazotumika kila wiki.

Padlet, ukuta wa mtandaoni wa kubandikia maandishi, ni ya tatu: nzuri kwa kuandikiana na shule nyingine, ila bila malipo unapata kuta tatu. Washa idhini ya mwalimu kabla ya andiko lolote kuonekana.

WordPress.com, ya kutengenezea blogu, naiweka mwisho. Kurasa za bure hubeba matangazo, na kazi yote humwangukia mwalimu. Facebook usiitegemee, ilifungwa nchini Januari 2021.

Popote utakapochapisha, pata kibali cha mzazi. Sheria ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi inakidai kwa watoto. Weka jina la kwanza tu, picha ya uso hapana.

Pesa ikibaki, nunua pawabenki, betri ya kuchajia simu. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, utaniambia.