"Wote sawa," walisema: uzoefu wangu kwenye kiti namba 3

Nilisema sitakanyaga tena kwenye ukumbi ule wa kuchezea mbio za magari za kwenye skrini. Tangu hapo nimeenda tena, kwa hiyo msiniamini sana.

Mchezo wenyewe siuelezi. Usukani ni wa chapa gani, skrini ni ya ukubwa gani, mtaenda kujionea wenyewe, ukumbi hauko mbali na mjini na kelele zake mtazisikia tangu barabarani. Mimi nina neno moja tu, la setapu ya kufungwa, kwa sababu ndilo lililonitoa nyumbani jioni ya siku ya kazi, na ndilo lililonirudisha nimevimba kama andazi.

Kwa asiyejua: kuna mbio za setapu ya wazi, ambapo kila mmoja analirekebisha gari lake kabla ya kuingia njiani. Upepo wa matairi, springi, amortisere (shokapu), bawa la nyuma, karosaje (yaani mlalo wa tairi), vyote mkononi mwako. Na kuna mbio za setapu ya kufungwa: gari mnapewa lilivyo, wote lile lile, hugusi. Kwenye iRacing, mchezo wa mbio za magari wa kompyuta, wanaoanza na Mazda MX-5 wanaendesha hivyo hivyo, gari limefungwa, na nadhani ni busara.

Sasa, mimi ni fundi wa paralelisime, kunyoosha magurudumu ya magari, huku Kamalondo, Lubumbashi. Mtu angedhani setapu ya wazi ndiyo nyumbani kwangu. Hata mimi nilidhani. Mara ya kwanza nilishindwa mbio na mtoto wa sekondari asiyejua amortisere inakaa wapi. Alikuja na faili la setapu alilolitoa intaneti, la mtu fulani wa Ulaya, akabonyeza mara mbili, gari tayari. Mimi nilikuwa bado kwenye ukurasa wa springi, na dakika zinakwenda, na pale dakika ni falanga: elfu tano kwa nusu saa.

Kinachoniuma ni kwamba gari la kweli huwa linaniambia. Napitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu narudi. Njia moja ni laini, njia ya kurudi mpira unanikwaruza kama ulimi wa paka. Basi najua magurudumu yanatazamana vibaya, hata kabla sijaweka kipimo. Kwenye mchezo sina kiganja, nina tarakimu. Na hiyo karosaje wanayoichezea! Unaburuta tu kidole, tairi linalala. Mimi kwenye magari mengi wanayoniletea, mbele nafungua na kukaza fimbo za usukani, basi. Karosaje kiwanda kilishaamua zamani. Ukitaka kujua, gari la barabarani lenyewe ni setapu ya kufungwa (isipokuwa yale yaliyokwisha kuingia mashimo ya huku kwetu, hayo yamejirekebisha yenyewe).

Kwa hiyo waliposema kuna jioni ya setapu ya kufungwa, gari moja kwa wote, la mbio la daraja la GT3, uwanja wa Spa kule Ubelgiji, nilifunga garaji mapema. Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko. Nilikuwa na furaha ya kitoto, sifichi.

Wakanipa kiti namba 3.

Spa ni kilomita 7 na mita chache. Unashuka kona ya Eau Rouge, unapanda Raidillon tumbo likikuruka, halafu Kemmel, mnyoofu mrefu wa kupandisha, mguu chini. Mwisho wake ni kona za Les Combes, na hapo unakanyaga breki kwa nguvu zako zote. Nikakanyaga. Gari likaendelea. Nikaenda kwenye majani. Mzunguko wa pili nikakanyaga mapema zaidi, watatu wakanipita kama nimesimama kununua maji. Mzunguko wa tatu nikaacha kutazama njia, nikatazama ule mstari mwekundu wa breki pembeni ya skrini. Nilikuwa nimekanyaga hadi goti linatetemeka, na mstari umesimama kwenye robo tatu. Haupandi. ABS, ile inayozuia magurudumu yasijifunge, haikushtuka hata mara moja, na ABS ya GT3 ukikanyaga sawasawa lazima uisikie.

Setapu ya kufungwa haifungi kila kitu, ukiwa ndani bado unaweza kusogeza nguvu ya breki, zaidi mbele au zaidi nyuma. Nikasogeza mbele. Nikarudisha nyuma. Robo iliyokosekana haikurudi, ilikuwa haiko kwenye gari.

Nikamwita kijana anayesimamia. Nikamwambia kwa upole, nawaapia ni kwa upole, kwamba pedali haifiki mwisho. Hakuinama hata kutazama. Alikuwa na simu mkononi. Akasema:

"Yaya, motokari ni moja. Bote muko na ileile. Weye njo haujue kukanyaga freni."

Nikanyamaza. Nilipoanza tena kusema, akawageukia wenzake:

"Fundi ya motokari za kweli, ya mu televizyo inamushinda!"

Wakacheka. Walicheka wote, hata mama aliyekuwa anamsubiri mwanawe mlangoni. Nina miaka mingi kwenye kazi hii, nimetukanwa na madereva wa taksibasi, hao wanatukana kwa ufundi, lakini kicheko kile kilinipata pabaya.

Nikashuka, nikapiga magoti. Nyuma ya pedali ya kiti namba 3 kulikuwa na zulia lililojikunja na waya mnene juu yake, ndio uliokuwa unazuia pedali. Nikatambaa hadi kiti namba 1, anapokaa yule mtoto wa sekondari. Pale nyuma ya pedali kuna kipande cha kandambili, cha bluu, kimekatwa vizuri kwa wembe na kufungwa na mpira wa baiskeli. Pedali ngumu, fupi, na kompyuta imeambiwa mwisho wake ni hapo, ukigusa tu mstari unajaa. Mtu alikaa chini akafikiri, akapima, akakata. Hiyo, ndugu zangu, ni setapu. Jina lingine silijui.

Basi "wote sawa" maana yake nini? Walifunga bawa, wakafunga springi, wakafunga upepo wa matairi, wakaacha wazi kitu kinachoamua mbio za Les Combes. Afadhali ingekuwa setapu ya wazi kabisa! Ningeongeza bawa, ningekubali kupitwa Kemmel, nikalipize Pouhon, kona ndefu ya kuteremka, mahali pasipohitaji breki nyingi. Formula 1 wanafunga pia: kufuzu kwa mbio kukianza hurekebishi setapu tena, ukigusa unaanzia njia ya pit, ile ya kwenye vibanda vya timu, nyuma ya wote. Lakini kabla ya hapo kila timu imeshalitengeneza gari lake. Hapa tumefungiwa kitu ambacho hatukupewa nafasi ya kukijua. Usiku ule niliandika kichwani kwamba setapu ya kufungwa ni uongo wa wenye ukumbi.

Halafu nikarudi, mchana fulani kusiko na watu, nikapewa kiti namba 1 bila kuomba. Uwanja ule ule, gari lile lile. Yule mtoto akaja akakaa namba 2. Tulikimbizana hadi muda ukaisha. Hakuna aliyekuwa na faili la Ulaya, hakuna ukurasa wa springi. Nilijua gari lake linaweza nini kwa sababu ndilo langu. Akichelewa kukanyaga, nilijua ni moyo wake tu. Alinishinda kwa urefu wa boneti, akanyoosha mkono:

"Papa, ulinifuata muzuri."

Nilienda nyumbani kwa miguu nikitabasamu peke yangu. Kwa hiyo sijui niseme nini. Setapu ya kufungwa ni tamu kuliko nilivyodhani, na kiti namba 3 ni wizi. Nyota zote kwa ile ya mchana, na hata moja sitoi kwa yule kijana, ambaye siku hiyo pia hakunirudishia chenji yangu.

Nimekata kipande changu cha kandambili, kinene kidogo kuliko kile cha bluu. Jumamosi nilikipeleka mfukoni. Umeme haukuwepo, mlango umefungwa, na kiko hapa kwenye sanduku la funguo pamoja na kipimo changu.